Kabla ya Kung'oa Jino: Gharama ya Pengo

Wengi wetu huchagua kung'oa jino linalouma kwa kuwa malipo yake ni madogo na maumivu huisha upesi. Uamuzi huo waweza kuwa sahihi. Hata hivyo, tunakushauri ufahamu kwanza yanayotokea mahali palipobaki wazi, kwani gharama ya pengo haiishii siku ya kung'oa.

Meno ya jirani

Meno hukaa mahali pake kwa kutegemeana: la kando huzuia la kando, la juu hukutana na la chini. Gego la chini likiondoka, lile la nyuma yake huweza kuinamia pengo, na la juu lililokosa mwenzake hushuka polepole. Chakula hunasa katika mianya mipya, mswaki haufiki vizuri, na meno yaliyokuwa mazima huwa katika hatari ya kuoza au kupata ugonjwa wa fizi. Mabadiliko hayo hutofautiana kati ya mtu na mtu, na huweza kuchukua miaka.

Mfupa wa taya

Mfupa unaoshikilia meno hudumishwa na msukumo wa kutafuna unaopitia kwenye mizizi. Mzizi ukiondoka, mfupa husinyaa. Upana wake penye pengo waweza kupungua kwa takriban nusu katika miezi 12 ya kwanza, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo. Meno mengi yakipotea, mashavu hubonyea na meno ya bandia hukosa pa kushika.

Njia za kujaza pengo

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua husaidia kutafuna na kutamka, lakini hayazuii mfupa kusinyaa. Daraja huyazuia meno yasihame, ila kwa kawaida hulazimu meno ya kando kuchongwa, hata yakiwa mazima. Kipandikizi, yaani mzizi wa bandia unaopachikwa tayani, husaidia kuhifadhi mfupa. Bei yake ni kubwa, nacho huhitaji mfupa wa kutosha. Anayechelewa sana huenda akalazimika kulipia kwanza matibabu ya kuongeza mfupa.

Si kila pengo linalohitaji kujazwa. Gego la mwisho kabisa, kwa mfano, kwa kawaida halirudishiwi.

Maswali ya kumwuliza daktari wa meno

1. Je, jino hili laweza kuokolewa kwa kuzibwa au kwa kutibiwa mzizi?
2. Likitolewa, je, pengo litahitaji kujazwa, na baada ya muda gani?
3. Gharama yote ni kiasi gani, kuanzia kung'oa hadi kujaza pengo? Omba jibu kwa maandishi.

Jino la ukubwani likishang'olewa halioti tena. Kuuliza kabla ya kukubali ni haki yako.