Kumbukumbu Huazimwa, Haikopwi

Katika Chuo Kikuu cha Meru cha Sayansi na Teknolojia, kilichopata hati yake mwaka 2013, na kile cha Embu, kilichoipata mwaka 2016, sayansi ya kompyuta hufundishwa kwa Kiingereza. Hata hivyo, nashikilia kwamba ipo sura moja ya somo hilo ambayo Kiswahili kingeieleza vyema zaidi, nayo ni usimamizi wa kumbukumbu.

Kiendeshi, yaani programu inayounganisha kiini cha mfumo na kifaa kama kamera, hakina kumbukumbu yake. Huiomba kwa kiini, huitumia, kisha huirudisha. Aliyekopa shilingi mia hulipa mia nyingine. Aliyeazima jembe hurudisha jembe lile lile. (Mitaani maneno haya huchanganywa, lakini tofauti ipo.) Kumbukumbu huazimwa. Isiporudishwa, kiini huendelea kupungukiwa hadi mashine izimwe.

Zamani mwandishi wa kiendeshi cha Linux alirudisha kila kitu mwenyewe. Akiazima vitu vitatu na kukwama kwenye cha nne, ilimbidi avirudishe vile vitatu kwa mpangilio wa kinyume, na hapo ndipo makosa yalipozaliana. Mwaka 2007 utaratibu wa Tejun Heo uliingizwa: kumbukumbu iliyoombwa kwa devm_kzalloc huandikwa kwa jina la kifaa, na kiendeshi kinapoachana na kifaa hicho, kiini huikusanya chenyewe. Mhitimu anayezungusha fomu kutoka maktaba hadi bweni kuthibitisha kwamba hadaiwi angeutamani utaratibu huo! Mistari mingi ya msimbo ikafutwa.

Lakini wepesi huo una mtego. Tuseme kamera imechomolewa ilhali programu fulani bado inaitumia. Kiini kimekwisha kuichukua kumbukumbu, pengine kimempa mwingine. Ikiguswa sasa, mfumo waweza kuanguka, au mvamizi akapata upenyo. Mwaka 2022 Laurent Pinchart aliwaeleza waundaji wa Linux hatari hiyo. Kwa maoni yangu, utaratibu wenyewe hauna lawama. Kosa ni kuandika kwa jina la kifaa kitu ambacho kitahitajika hata baada ya kifaa kuondoka.

Kwa hiyo mwalimu asitoe alama kwa kuhesabu mistari iliyofutwa. Ampe mwanafunzi kiendeshi kifupi cha kamera, kisha amwulize: ikichomolewa sasa hivi, ni nani bado ameishika kumbukumbu hii? Washikaji wahesabiwe, na wa mwisho kuiachilia ndiye airudishe.