Maua ya Njano na Kidonda Chako

Popote ulipo, iwe uko nyumbani hapa Gongoni ukichambua mboga, uko Marereni umepumzika kivulini, au uko ndani ya matatu ukielekea Malindi, kaa nasi kwa dakika chache. Leo tunazungumza juu ya maua. Si maua ya harusi wala ya kupamba meza, bali yale ambayo watu huyatumia kama dawa: ua la kalendula na ndugu zake.

Tumeichagua mada hii kwa sababu ya swali moja ambalo wengi wenu huuliza. Mtu anaona krimu katika duka la dawa mjini, kwenye kijisanduku pamechorwa ua la rangi ya chungwa, na bei yake si ya mchezo. Anarudi nyumbani, anaona maua ya njano yamejaa ugani baada ya mvua. Anajiuliza: je, hili si ndilo lile? Siwezi kuponda la kwangu nikapaka kidondani bila kulipa hata senti?

Ni swali zuri, na jibu lake linaweza kuokoa mguu wa mtu, au hata maisha yake. Tulia basi tulijibu pole pole.

Kalendula ni ua gani?

Kalendula ni ua la jamii ya alizeti. Jamii hii ni kubwa sana. Ndani yake mna alizeti yenyewe, mna saladi tunayokula, na mna pareto inayolimwa nyanda za juu za Kenya na kutumiwa kutengeneza dawa ya kuua wadudu. Utaitambua jamii hii kwa jambo moja: kile unachokiona kama ua moja kwa kweli ni maua madogo mengi yaliyokusanyika kwenye kichwa kimoja. Chukua alizeti uitazame kwa karibu, utaona.

Asili ya kalendula ni nchi za kandokando ya bahari ya Mediterania. Watu wa huko wameitumia kwa mamia ya miaka kwa ngozi iliyokauka, iliyopasuka au iliyoungua. Hulowesha maua yaliyokauka ndani ya mafuta, kisha wakajipaka mafuta hayo.

Je, inasaidia? Kuna ushahidi, lakini ujue ni wa jambo gani. Mwaka 2004 madaktari wa Ufaransa walitoa matokeo ya utafiti juu ya wanawake 254 waliokuwa wakitibiwa saratani ya matiti kwa miale. Miale hiyo huunguza ngozi. Nusu yao walipaka marhamu ya kalendula, na wengine walipaka dawa nyingine. Katika kundi la kalendula, walioungua ngozi kiasi cha kusumbua walikuwa 41 kwa kila 100. Katika kundi la pili walikuwa 63 kwa kila 100. Hiyo ni tofauti kubwa. Lakini angalia, msikilizaji: ile ilikuwa marhamu iliyotengenezwa kiwandani, na ilipakwa kwenye ngozi inayotunzwa hospitalini. Haikuwa ua lililochumwa kando ya barabara likapakwa kwenye kidonda chenye mchanga.

Usilichanganye na tageti

Ua ambalo wengi huliona na kulidhani ni kalendula ni tageti. Hili ndilo ua la njano au la chungwa ambalo Wahindu hulitunga mashada, na ambalo hupandwa sana katika bustani. Tageti asili yake ni Mexico. Ni ndugu wa kalendula, lakini si lenyewe.

Utayatofautishaje? Tazama jani. Jani la kalendula ni zima, refu, linanata kidogo ukilishika. Jani la tageti limegawanyika kama unyoya wa ndege, na ukilisugua linatoa harufu kali. Tazama na mbegu pia. Mbegu ya kalendula imepinda kama ukucha. Ya tageti imenyooka kama sindano nyeusi.

Tageti ina kazi yake. Wakulima huipanda kwenye shamba la nyanya kwa sababu mizizi yake hupunguza minyoo midogo inayoharibu mizizi ya mazao. Lakini kwenye ngozi maji yake yanaweza kuwasha, hasa mtu akipigwa na jua. Basi iache shambani.

Na kalendula halisi? Hiyo hupenda baridi. Joto letu la pwani haliipendezi, na ndiyo maana huioni ikijiotea ugani. Kwa hivyo ua la njano lililo nje ya mlango wako, karibu kwa hakika si kalendula.

Ndugu zake wa hapa kwetu

Hata hivyo ndugu wa kalendula tunao, na wazee wetu wanawajua vizuri.

Wa kwanza ni mchunga, ambao Wagiriama huuita mutsunga. Una ua la njano, na ukiukata unatoa utomvu mweupe kama maziwa. Huu ni mmea wa Afrika, na sisi twaujua zaidi chunguni kuliko kidondani. Majani yake ni machungu, kwa hivyo huchemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa, kisha yakachanganywa na mboga nyingine na kuungwa kwa tui la nazi. Ni mboga nzuri. Endelea kuila na wafundishe watoto kuila. Chuma tu mbali na jalala na mbali na mahali panapopulizwa dawa ya wadudu, na uoshe vizuri.

Wa pili ni kishona nguo. Ukipita shambani mbegu zake hukushika kwenye leso au suruali kama sindano. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki majani machanga huliwa kama mboga, na maji ya majani hutiwa kwenye mkato ili damu ikome.

Wa tatu ni kile kimmea kinachotambaa chini, kando ya njia na viwanja vya mpira. Kina ua dogo lililosimama juu ya kikonyo kirefu. Katikati ni njano na pembeni kuna petali chache zilizopauka. Asili yake ni Amerika, lakini siku hizi kimeenea pwani nzima. Watu huponda majani yake na kuyabandika kwenye jeraha bichi. Huko India pia hufanya hivyo, na watafiti wamekijaribu kwa panya, na katika baadhi ya majaribio jeraha lilipona upesi zaidi.

Kwa hivyo hatusemi kwamba wazee walikuwa wakijidanganya. Walikuwa wakitazama na kujifunza. Lakini panya wa maabara hukatwa kwa kisu kisafi, ndani ya chumba kisafi. Wewe unakatwa na nini?

Hatari iko wapi?

Tuchukue mfano. Kijana anafanya kazi katika mashamba ya chumvi. Anatembea peku, ngozi ya nyayo imepasuka kwa maji ya chumvi. Akirudi jioni anakanyaga msumari penye kinyesi cha mbuzi. Damu ni kidogo, tundu ni dogo, lakini limeingia ndani. Anatafuna majani, anayashindilia kwenye tundu, anafunga kitambaa, analala. Kesho anaamka vizuri, anasema dawa imefanya kazi.

Siku ya nane taya linakaza. Hawezi kufungua kinywa kula. Shingo inakuwa ngumu, mgongo unapinda kama upinde, na kila akisikia kelele mwili mzima unakakamaa. Hiyo ni pepopunda.

Vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni na katika kinyesi cha wanyama. Havipendi hewa. Vikiingia kwenye tundu refu, kisha tundu likazibwa juu, vimepata nyumba. Humo hutoa sumu inayoshika mishipa ya fahamu. Dalili kwa kawaida huanza kati ya siku 3 na siku 21. Sasa unaona ubaya wa kushindilia majani: majani yenyewe yana udongo, mate yana vijidudu vyake, na juu ya hayo umeziba hewa. Ua halikumdhuru kijana huyu kwa sumu yake. Limemdhuru kwa sababu lilichukua nafasi ya maji, sabuni na sindano.

Na usiseme, "Mimi nashinda katika chumvi, chumvi inaua kila kitu." Chumvi ya shambani haiui mbegu za pepopunda.

Ukijikata fanya hivi

1. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika kidonda.

2. Kama damu inatoka, kandamiza kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kuchungulia.

3. Osha kidonda kwa maji mengi safi yanayotiririka, na sabuni. Maji yanayofaa kunywa yanafaa kuoshea kidonda. Kama unashuku maji ya kisima, yachemshe, yapoe, ndipo uyatumie. Toa mchanga wote.

4. Funika kwa kitambaa kisafi kilichokauka. Badilisha kila siku, na kila kinapolowa.

5. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo kama kidonda kimeingia ndani, kimechafuka kwa udongo au kinyesi, umeumwa na mnyama, au una ugonjwa wa kisukari. Mwenye kisukari asidharau hata lengelenge la mguuni.

6. Uliza juu ya sindano ya pepopunda. Kama kidonda ni kichafu na imepita miaka 5 tangu uchanjwe, au hukumbuki ulichanjwa lini, mwambie mhudumu.

Watoto huchanjwa dhidi ya pepopunda wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Mama mjamzito naye huchanjwa kliniki ili amkinge mtoto atakayezaliwa. Na hapa tuseme wazi: kwenye kitovu cha mtoto mchanga usitie jani, ua, majivu, mafuta wala samadi. Ukipewa kliniki dawa ya kitovu iitwayo klorheksidini, ipake kitovuni tu kama ulivyoelekezwa. Isiingie machoni kamwe, maana yaweza kumpofusha mtoto.

Na kuyanywa je?

Wengine huchemsha maua haya wakanywa. Hapa hadhari ni kubwa zaidi, kwa sababu jamii hii ina mimea mizuri na mibaya, na inafanana. Kaskazini mwa Ethiopia, katika jimbo la Tigray, mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu wa vijiji kadhaa waliugua ini. Matumbo yalivimba kwa maji, na wengine walikufa. Wachunguzi walikuta nafaka yao imechanganyika na mbegu za gugu la jamii hii hii, lenye vishada vya maua ya zambarau hafifu, ambalo lina sumu inayoharibu ini pole pole. Gugu hilo lipo Kenya pia. Mtu hakuhisi kitu leo wala kesho. Alihisi ini lilipokuwa limekwisha kuharibika.

Na homa? Ni kweli kwamba dawa ya malaria tunayopewa hospitalini, ile ya AL, sehemu yake ilitokana na mmea wa jamii hii uitwao artemisia. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini katika kidonge kipimo kinajulikana, na kimechanganywa na dawa ya pili. Katika kikombe cha chai hujui umekunywa kiasi gani. Vijidudu vinaweza kupungua kidogo, ukajiona umepona, kisha vikarudi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halishauri kutibu malaria kwa chai ya artemisia. Mtoto akipata homa, apimwe damu siku hiyo hiyo.

Tukumbuke

Sasa turudi kwa swali letu. Je, naweza kutumia ua la ugani badala ya krimu ya dukani? Kama ngozi haina jeraha, imekauka tu au imepasuka juu juu, mafuta ya nazi safi peke yake yanatosha kabisa, na ni rahisi. Ukiwa na krimu ya kalendula, ipake kwenye ngozi iliyofunga. Jaribu kwanza kidogo mkononi, maana kuna watu ambao maua ya jamii hii huwatoa upele. Ama kidonda kibichi, hicho kinataka maji na sabuni kwanza, na pengine sindano.

Mheshimu mzee anayejua miti. Mwombe akuonyeshe mchunga na akueleze namna ya kuupika usiwe mchungu. Ukienda kwake na kidonda, osha kwanza. Na ukifika kituo cha afya, usione haya kumwambia mhudumu majani uliyotumia. Kujua kutamsaidia kukutibu.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Tundu la msumari ni ufa mdogo. Lishughulikie leo kwa maji ya mtungini mwako, kabla halijawa jambo la kuuza mbuzi na kukodi gari usiku kwenda Malindi.

Mwambie na jirani yako.