Utepe Mkononi mwa Mama

Kwa miaka mingi somo la lishe mjini Juba, Sudan Kusini, lilifundishwa chini ya mti. Mwalimu aliketi pamoja na akina mama, akaonyesha jinsi ya kupika uji wa mtama uliotiwa karanga au ufuta, kisha akawapima watoto mmoja mmoja. Tarehe 5 Aprili, 2020, nchi hiyo ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, mikusanyiko ilikuwa imekwisha kuzuiwa. Wanafunzi walitawanyika, lakini utapiamlo haukungoja.

Hapo walimu wa lishe walilazimika kujifunza kazi yao upya. Mafunzo ya watumishi yalihamia kwenye simu na intaneti. Kwa akina mama wengi njia hiyo haikufaa, maana umeme ni haba na simu za intaneti si za kila nyumba. Redio ilisaidia. Radio Miraya, kituo cha Umoja wa Mataifa kilichopo Juba, ilitangaza maelezo ya afya kwa Kiingereza na Kiarabu cha Juba.

Hata hivyo, redio haiwezi kumshika mtoto na kumpima. Kwa sababu hiyo kipimo kilikabidhiwa kwa mama mwenyewe. Jambo hilo lilikwisha kujaribiwa nchini Niger, ambako utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa akina mama waliofundishwa walipima vizuri kama watumishi wa afya.

Kipimo chenyewe ni utepe wenye rangi tatu, kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Mkono wa mtoto uachwe ulegee. Utepe uzungushwe katikati ya bega na kiwiko, usikazwe wala usilegezwe mno. Kijani, yaani sentimita 12.5 na zaidi, ni salama. Manjano ni onyo: mtoto apelekwe kliniki. Nyekundu, chini ya sentimita 11.5, ni hatari, na matibabu yasicheleweshwe hata siku moja.

Mama pia abonyeze miguu yote miwili ya mtoto kwa kidole gumba kwa sekunde tatu. Vishimo vikibaki, mtoto ni mgonjwa hata kama anaonekana mnene. Wengi hukosea hapo, wakidhani uvimbe ni unono.

Somo hili linafaa sana familia za askari. Baba huitwa kazini ghafla, na familia huhamia kituo kingine mahali ambapo mama hamjui mwalimu wala mganga. Ujuzi ulio mikononi mwake huhama pamoja naye. Baba naye ajifunze kupima, ili arudipo likizo asiulize tu kama watoto wamekula, bali auvae wajibu wa kuupima mkono wa mwanawe.

Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, kisha apewe vyakula vya mchanganyiko huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Na apimwe mara kwa mara, kwani mtoto mdogo hajui kusema kwamba anakonda.