Minyoo yala faida ya wafuga nguruwe Mtwara

MFUGAJI anayenunua watoto wa nguruwe mkoani Mtwara huangalia bei kwanza, lakini hasara kubwa huweza kujificha tumboni mwa mnyama. Mara nyingi minyoo haimuui nguruwe. Humdumaza, huku akiendelea kula chakula cha mwenyewe.

Hesabu yake ni rahisi. Nguruwe 10 wakila kilo 2 kila mmoja kwa siku, kuchelewa wiki nne kufikia uzito wa kuuzwa ni kilo 560 za ziada. Mzigo huo ni mzito kwa soko dogo. Kuanzia Mikindani hadi mlango wa mto Ruvuma wakazi wengi ni Waislamu, hivyo muuzaji hutegemea zaidi wateja wa mjini na wa wilaya za bara kama Masasi. Si rahisi kufidia hasara kwa kupandisha bei.

Aina mbili za minyoo zinahitaji kuangaliwa zaidi. Ya kwanza ni myembamba kama uzi. Hupitia maziwa ya mama na kuwaharisha watoto siku chache baada ya kuzaliwa. Ya pili ni minyoo mikubwa ya mviringo, askarisi. Mabuu yake hupita kwenye ini na mapafu kabla ya kurudi tumboni. Mnyama hukohoa, na ini lenye madoa meupe huweza kukataliwa na mkaguzi wa nyama.

Mayai ya askarisi hudumu udongoni kwa miaka. Hata hivyo, yai jipya haliambukizi mpaka likae wiki kadhaa penye joto na unyevu. Kinyesi kikizolewa kila siku na sakafu ikiwa kavu, maambukizi hupungua sana, hasa miezi ya mvua, Desemba hadi Aprili.

Kinga huanza kwa mama. Apewe dawa wiki moja au mbili kabla ya kuzaa, aoshwe kwa sabuni, ndipo aingie banda safi. Watoto hupewa yao wanapoachishwa kunyonya, kwa dozi ya uzito iliyoelekezwa na mtaalamu wa mifugo. Siku za kusubiri kabla ya kuchinja zizingatiwe.

Kwa mnunuzi, swali la kuuliza kabla ya kutoa fedha ni moja: mama yao alipewa dawa lini? Tumbo kubwa kwenye mwili uliokonda, manyoya makavu na kikohozi ni dalili za kuahirisha biashara.