Nani Atusomee Willy Gamba?

Wamama wa Mpala, riwaya za upelelezi za Tanzania zimevuka ziwa zikaingia kwenye telefone zetu. Sisi tunachambua ndagala, sauti inatusomea. Wengi wanampenda Willy Gamba, mpelelezi wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona ya 1974. Katika Kikosi cha Kisasi anafika hata Kinshasa, kwetu kabisa!

Mabishano ni juu ya msomaji. Jirani yangu anataka abadilishe sauti, jambazi asikike jambazi. Mama mzee mmoja anachukia mwanaume akibana pua kuigiza mwanamke. “Sisi hatusemi vile,” anasema, na anazima. Niko upande wake. Msomaji anayetulia, anayengoja kidogo kabla ya neno zito, anamfikishia kitabu kizima mama asiyejua kusoma. Na ule muziki wa nyuma, wakati mwingine unameza maneno.

Lakini watoto je? Bunduki na damu vinasomwa nao wako mkekani. Wengine wanasema ni hadithi tu. Mimi nimewasikia watoto wa mwaka wa tatu wakirudia maneno ya muuaji, kwa sauti ileile ya msomaji. Nyumbani kwangu sasa tunafungulia wakishalala.