Ajali ina kinga, na kinga hiyo husomewa chuoni

Ni methali chache zinazotumiwa kwa wepesi nchini mwetu kama ile isemayo kwamba ajali haina kinga. Huandikwa kwenye matatu, hutamkwa matangani, na hata wakubwa wanaopaswa kutueleza kwa nini daraja limesombwa au breki zimekataa kushika huikimbilia kama mtu akimbiliavyo mwavuli mvua inapoanza. Kazi ya mwanaisimu si kuzikosoa methali bali kuzieleza, nami sina nia ya kuwasahihisha wahenga. Neno ajali tulilipata kwa Waarabu. Kwao, ajal ni muda uliokadiriwa, hasa ule unaokomesha uhai wa mja. Ukilitazama hivyo, methali haina ila, kwani siku iliyoandikwa haina kinga. Ila ni yetu sisi tuliolipanua neno hilo likabeba pia gurudumu bovu, waya uliolegea na dereva asiyelala, kisha tukaiacha methali iendelee kututawala kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Ipo taaluma nzima iliyojengwa juu ya kuikana methali hiyo kwa maana yake ya leo. Ni masomo ya uzamili katika usalama wa reli na mifumo ya kuongoza treni. Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, kimewahi kuitolea shahada kwa jina hilo hilo. Chuo Kikuu cha Addis Ababa nacho kina kituo cha bara zima cha kufundishia na kutafitia mambo ya reli. Nayataja haya kwa sababu walimu wawili watatu wa shule za upili wameniuliza iwapo ni busara kumwelekeza mwanafunzi hodari wa hisabati na fizikia katika njia hiyo. Jibu langu ni ndiyo, tena bila kusita. Najua wapo watakaouliza mwalimu wa fonolojia anatafuta nini relini. Nawaomba subira kidogo.

Reli si jambo geni kwetu. Ile ya kwanza ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ikafika ukingoni mwa Ziwa Viktoria mwaka 1901. Ile mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa 2017, ikasogezwa hadi Suswa 2019. Majirani zetu wa Tanzania walianza kubeba abiria kwa treni za umeme mwaka 2024, kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na kisha Dodoma. Chuma tumekinunua na mataruma ya saruji tumeyapanga. Swali ni nani kati yetu aliyesomea namna chuma hicho kinavyoweza kutuua.

Yafaa mwanafunzi aelewe kwanza kwa nini treni si basi refu. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halina msuguano mwingi. Ndiyo maana injini moja huvuta maelfu ya tani, na ndiyo maana pia treni iliyo mbioni huhitaji mamia ya mita, mara nyingi zaidi ya kilomita nzima, kabla ya kusimama. Dereva hawezi kutegemea macho yake. Akiliona behewa lililosimama mbele yake, amekwisha kuchelewa. Hutegemea ishara iliyomwambia, kilomita kadhaa nyuma, hali ya njia asiyoiona. Kwa hiyo reli ni mfumo wa ishara kabla ya kuwa mfumo wa chuma. Ferdinand de Saussure, baba wa isimu ya kisasa, alipotaka kuwaeleza wanafunzi wake utambulisho wa ishara, alitumia mfano wa treni ya saa 2.25 usiku kutoka Geneva kwenda Paris: huwa ni treni ile ile kila siku ingawa injini, mabehewa na watumishi ni wengine, kwa kuwa kinachoitambulisha ni nafasi yake katika ratiba nzima.

Ishara za reli zina sifa moja ambayo lugha zetu hazina, nayo ndiyo kiini cha taaluma hii. Mwaka 1872 Mmarekani William Robinson alisajili uvumbuzi wa kupitisha umeme katika reli zenyewe. Njia ikiwa haina treni, umeme huzunguka na kuishikilia juu swichi ya sumaku, na taa huruhusu kupita. Treni ikiingia, magurudumu yake huukatiza mkondo huo, swichi huanguka kwa uzito wake, na taa huwa nyekundu. Tazama sasa hekima yake: waya ukikatika, betri ikiisha au reli ikivunjika kabisa, swichi huanguka vile vile na taa huwa nyekundu. Ukimya wa mfumo una maana, na maana yake ni simama. Katika mazungumzo ya watu, kinyume ndicho kitokeacho mara nyingi. Asiyejibu huhesabiwa kuwa amekubali.

Kanuni kama hizo hazikuja bure. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na mji wa Armagh huko Ireland, treni iliyojaa watoto wa shule ya Jumapili na wazazi wao ilishindwa kupanda mlima. Watumishi waliikata vipande viwili. Mabehewa ya nyuma yakaserereka kinyumenyume hadi yakagongana na treni iliyokuwa ikifuata. Watu 80 hivi walikufa, wengi wao watoto. Mwaka huo huo bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kulazimisha breki zinazojifunga zenyewe mabehewa yakiachana, na kukataza treni mbili kuwa katika kipande kimoja cha njia kwa wakati mmoja.

Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu, mkoani Dodoma, treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima. Breki hazikuizuia. Iliserereka kinyumenyume ikagongana na treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake, na watu 281 wakafa. Baina ya mikasa hiyo miwili ni miaka 113. Sisemi kuwa vyanzo vyake vilifanana katika kila jambo, kwani mashine na taratibu zilikuwa nyingine. Nasema kwamba umbo la msiba lilikuwa limekwisha kujulikana, kuchorwa na kufundishwa. Nasi hapa Kenya hatujawasahau waliokufa huko Ngai Ndeithia Januari 1993, zaidi ya watu 100, mafuriko yalipolisomba daraja na treni ya kwenda Mombasa ikatumbukia mtoni usiku. Mvua ilitoka kwa Mungu, lakini kulikagua daraja wakati wa mvua ni kazi ya binadamu.

Anayesomea usalama wa reli hufundishwa kutoridhika na jibu la kwanza. Mfano unaotumiwa sana ni wa Clapham, London, tarehe 12 Desemba 1988, ambapo watu 35 walikufa. Waya mmoja wa zamani ulikuwa umeachwa ukining'inia baada ya ukarabati. Uligusa mahali usipopaswa kugusa, na taa iliyopaswa kuwa nyekundu haikuwa. Gazeti la siku ya pili lingeweza kumtaja fundi na kufunga shauri. Uchunguzi ulioongozwa na Anthony Hidden uliuliza zaidi, ukagundua kwamba fundi huyo alikuwa amepumzika siku moja tu katika wiki 13, na kwamba kazi yake haikuwa imehakikiwa kama inavyopasa. Ripoti ilitolewa hadharani mwaka 1989, na hadi leo mwanafunzi yeyote anaweza kuisoma. Kwetu tume huundwa, wajumbe huapishwa, na mara nyingi hatujui ripoti imelazwa katika kabati gani. Sioni vipi tutawafundisha vijana kuzuia misiba ya kwao kwa kusoma misiba ya wenzao pekee.

Nafika sasa kwenye kisa kinachonipa mimi ruhusa ya kuyaandika haya. Tarehe 27 Machi 2001, nchini Ubelgiji, dereva aliyekuwa akiendesha treni tupu aliipita taa nyekundu karibu na Wavre akaingia katika njia isiyo yake. Mtumishi wa Wavre alipiga simu kwa mwenzake wa Leuven ili treni iliyokuwa ikija izuiwe. Wa Wavre alisema Kifaransa, wa Leuven alisema Kiholanzi, na hawakuelewana. Treni ziligongana katika kijiji cha Pécrot na watu 8 wakafa. Simu ilikuwa nzima na watu wote wawili walikuwa kazini. Kilichokosekana ni sentensi moja iliyoeleweka pande zote mbili. Umoja wa Ulaya baadaye, mwaka 2007, uliweka masharti ya kiwango cha lugha kwa madereva wa treni, na hasa wanaovuka mipaka.

Tafakari basi hali yetu. Vitabu vya mitambo huja kwa Kichina, Kituruki au Kiingereza. Maagizo rasmi huandikwa kwa Kiingereza, na jambo likiwa la dharura watu husemezana kwa Kiswahili. Je, Kiswahili hicho cha dharura kimewahi kupimwa? Chukua kitenzi weza. Nikisema katika redio kwamba treni inaweza kupita, nimetoa ruhusa, nimeeleza uwezo, au nimebashiri kuwa huenda ikapita? Mwanafunzi wa semantiki wa mwaka wa kwanza atakupa maana zote tatu, na mbili kati yake ni hatari. Chukua nambari zetu: tatu na tano huanza kwa silabi moja, sita na saba huanza kwa konsonanti moja, na redio yenye kelele haina huruma kwa miisho ya maneno. Marubani walikwisha kulitambua tatizo hili katika Kiingereza, ndiyo maana hutamka tano na tisa za lugha hiyo kwa namna ya pekee. Sisi twaweza kulipima kwa maabara ndogo ya fonetiki na wanafunzi kumi wenye masikio mazuri. Hiyo ni tasnifu ya uzamili iliyo tayari, inamsubiri mtu wa kuiandika.

Wahandisi wenyewe wamekwisha kuiogopa lugha ya kawaida. Programu inayoongoza treni zisizo na dereva katika njia ya 14 ya metro ya Paris, iliyofunguliwa 1998, iliandikwa kwa kutumia lugha ya kimantiki iitwayo B, aliyoibuni Jean-Raymond Abrial, ambamo sentensi haiwezi kuwa na maana mbili, na usahihi wake huthibitishwa kama nadharia ya jiometria. Viwango vya Ulaya hudai kwamba chombo cha daraja la juu kabisa la usalama kisikosee kosa la hatari zaidi ya mara moja katika saa milioni 100, yaani zaidi ya miaka 11,000. Hakuna awezaye kukijaribu chombo kwa muda huo. Inabidi kuthibitisha kwa hoja, na hoja ni kazi ya msomi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaodhani kuwa tumemaliza kwa kuwapeleka vijana ng'ambo kujifunza uendeshaji. Ni jambo jema kwamba tangu 2016 Wakenya wamesomea reli katika Chuo cha Beijing Jiaotong, na chuo chetu cha mafunzo ya reli jijini Nairobi kina historia ndefu ya kutoa mafundi na wakuu wa stesheni. Hata hivyo, anayesomea kuendesha hufundishwa kitufe cha kubonyeza. Anayesomea usalama hufundishwa kuuliza kitufe kikikwama itakuwaje, na nani alikubali kiwekwe pale. Vyuo vikuu vyetu vinahitaji kozi hiyo ya pili, na isifungiwe katika kitivo cha uhandisi pekee. Ihusishe saikolojia ya uchovu, sheria, takwimu, na kwa idhini yenu, isimu. Na kwa walimu walioniuliza: mpeni mwanafunzi huyo hisabati na fizikia, lakini msimwachie adhani kuwa insha ni kazi ya watu wa sanaa. Atakuja kuandika agizo ambalo maisha ya watu elfu moja yatategemea mahali pa mkato.

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anasomea uzamili huo ng'ambo, aliniandikia juzi akitaka istilahi ya ile sifa niliyoieleza ya mfumo unaoharibika bila kudhuru. Nilimtahadharisha kwanza kuhusu neno usalama, kwa kuwa kwetu hubeba mambo mawili, kukingwa na ajali na kukingwa na wahalifu, na katika vyombo vya kompyuta mambo hayo hutofautiana sana. Kisha nikampendekezea tuitumie kauli ya kutendea, kama paka anavyoangukia miguu: mfumo unaoharibikia usalama. Amenijibu kwamba mafundi watacheka. Aliye na neno bora na alilete, kwani anaanza kuiandika sura ya tatu mwezi ujao.