Kujenga Bila Hasara: Anayepunguzwa Asiwe Mfanyakazi



Majengo ya serikali hujengwa kwa kodi zetu. Zahanati ikichelewa kumalizika, anayeumia ni mama aliyebeba mtoto mgonjwa. Kwa hiyo yatupasa kuielewa njia iitwayo kujenga bila hasara.

Chimbuko lake ni viwanda vya magari vya Toyota huko Japani. Mhandisi Taiichi Ohno alitaja aina 7 za hasara, miongoni mwao kungoja, kusafirisha vitu bure, kulimbikiza mali na kutengeneza vitu vyenye kasoro. Mwaka 1992 Lauri Koskela wa Finland aliandika kwamba fikra hizo zaweza kutumika katika ujenzi pia.

Nchini Marekani, Glenn Ballard na Greg Howell walihesabu kazi zilizopangwa kila juma. Waliona kwamba takriban nusu tu ndizo zilizokamilika kwa wakati. Tusikimbilie kusema ni uvivu. Fundi hufika asubuhi akakuta nondo hazijaletwa, ramani imebadilishwa, au zege la jana halijakauka. Dawa waliyoitoa ni hii: ahadi ya kazi ya juma itolewe na wale wanaoisimamia pale pale, si na ofisi peke yake, isiahidiwe kazi ambayo vifaa vyake haviko tayari, na mwisho wa juma zihesabiwe ahadi zilizotimia, na chanzo cha kila iliyoshindikana kitafutwe.

Huko Uingereza, kamati iliyoundwa na serikali chini ya Sir John Egan ilitoa taarifa mwaka 1998. Ilitaka gharama za ujenzi zipungue kwa asilimia 10 kila mwaka, na ajali kwa asilimia 20. Tuyashike yote mawili, maana wako waajiri watakaokumbuka la kwanza na kusahau la pili.

Sisi wa viwandani na mashambani twalijua jambo hili. Majani ya chai yakiharibika kwa kungoja lori, anayelaumiwa ni mchumaji.

Basi twadai mikataba ya majengo ya serikali iseme wazi: wawakilishi wa wafanyakazi wakae katika mkutano wa kila juma, kofia na viatu vya usalama visihesabiwe kuwa hasara, na kazi ikiisha mapema, ujira usikatwe.

Hasara ni kungoja nondo. Fundi anayezingoja si hasara.